Mtoto Aliyeazimwa Uso

Wenzangu mlio na watoto, na ninyi msio nao lakini mna simu, naomba mnipe dakika chache za siku yenu. Habari nitakayowaeleza si ya kusikia. Nilikuwepo, na mkono wangu umo.

Nina duka la steshenari. Ninatoa fotokopi, ninapiga picha za vitambulisho, na ninawajazia watu fomu ambazo wao wenyewe hawana subira nazo. Ndiyo maana mtaa mzima unaniita Mama Kopi. Ukuta mmoja na duka langu yupo fundi cherehani, anayeshona na kuishi hapo hapo, mwanamke ambaye sijapata kumwona amekaa bure. Tunagawana kibaraza. Cherehani yake iko upande wa kushoto, ubao wangu wa matangazo uko kulia, na katikati, chini ya meza yake ya kukatia vitambaa, ndipo bintiye alipokuwa akifanyia kazi za shule kila alasiri, amekalia rundo la vipande vya vitambaa.

Binti huyo tulimwita Kibonge. Jina alipewa na baba yake, dereva wa malori ya masafa marefu, siku aliporudi safari akamkuta mwanawe ana miezi sita, akajaribu kumrusha juu na mgongo ukamkatalia. Tulilipokea sote. "Kibonge, niletee maji." "Kibonge, toka juu ya hiyo suti ya watu, utaipiga pasi bila moto!" Naye alicheka. Nasema alicheka kwa sababu ndivyo nilivyoona kwa macho yangu. Hatukuwa na nia mbaya hata chembe.

Siku redio ilipotangaza sheria mpya, tulikuwa hapo kibarazani watu watatu: fundi, mimi, na Kibonge chini ya meza. Mtangazaji alieleza vizuri. Programu yoyote ya akili bandia inayozungumza na watu lazima ijue kama anayezungumza nayo ni mtoto. Aliye chini ya miaka kumi na nane atafunguliwa akaunti ya mtoto, ambayo haitamweleza mambo ya hatari, itajifunga baada ya saa moja, na mtoto akisema jambo la kutisha kuhusu mwili wake au maisha yake, mzazi atapelekewa ujumbe siku hiyo hiyo. Anayetaka akaunti ya mtu mzima ataonyesha uso wake mbele ya kamera.

Fundi alisimamisha mguu kwenye pedali. "Hapo wamefanya la maana," akasema. "Hizi simu zilikuwa zinatulelea watoto wakati sisi tumegeuza shingo."

"Wamechelewa, lakini wamefika," nikamjibu.

Tulipiga makofi, wenzangu. Watu wazima wawili tuliipigia redio makofi.

Wiki tatu baadaye shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na fundi alikuwa na sare zaidi ya arobaini za kumaliza. Yalikuwa yamemfika shingoni. Pini zilikuwa mdomoni, utepe wa kupimia shingoni, na wazazi wamejipanga kibarazani wakimuuliza kila mmoja la kwake. Katikati ya hekaheka hiyo Kibonge akatoa kichwa chini ya meza.

"Mama, inakataa tena."

"Nini inakataa?"

"Simu. Nimeiuliza swali la sayansi, sehemu za mwili wa binadamu, inaniambia nimuulize mzazi au mwalimu. Kazi ni ya kesho. Mama, nikuulize wewe?"

"Uniulize mimi!" Fundi alizungumza bila kutoa pini mdomoni. "Mimi naijua sehemu moja tu ya mwili, kiuno, kwa sababu ndiyo inayonisumbua kwenye gauni. Mama Kopi! Wewe si una kamera nzuri? Mfungulie huyu ile ya watu wazima tupumue."

Wala hakuwa wa kwanza. Tangu sheria ianze, wazazi walikuwa wakija dukani kwangu na watoto wao wakilalamika hivyo hivyo. Akaunti ya mtoto inaringa. Akaunti ya mtoto inajifunga kabla kazi ya shule haijaisha. Mama Kopi, wewe una mtandao wa kasi, tusaidie. Nami niliwasaidia, nikachukua chochote kitu, kama ninavyochukua kwa fomu nyingine. Kwangu ilikuwa fomu. Ninayo tabia hiyo, naikiri: nikiona kisanduku kitupu, mkono unaniwasha mpaka nikijaze.

Nilisimama na simu ya Kibonge mbele ya fundi. Simu ikaagiza: tazama mbele, geuka kulia, geuka kushoto, fumba macho, fumbua. Fundi alifanya yote bila kuondoa kitambaa mikononi. Kibonge alikuwa nyuma yake akiinama ili aone skrini, anacheka kwa sababu mama yake alionekana kama anapigwa picha ya polisi. Jina la mtumiaji nikamwachia aandike mwenyewe. Simu ikafikiri kidogo, ikasema karibu, umethibitishwa.

Ndivyo mtoto wa miaka kumi na tatu alivyogeuka mwanamke wa miaka arobaini na moja, mchana kweupe, mbele ya watu kumi na wawili, na hakuna hata mmoja wetu aliyekunja uso.

Kazi ya sayansi ilikamilika. Mwalimu akamsifu. Fundi akaninunulia soda.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kuanzia hapa kila kitu kilitokea mbele ya macho yetu na hatukuona kitu. Muhula ulipofika katikati, Kibonge alikuja na gauni lake la shule mkononi. "Mama, linanipwaya. Nibanie kidogo."

Fundi alimzungushia utepe kiunoni, akaandika kwenye daftari la vipimo kama anavyomwandikia mteja yeyote, akabana mshono. "Unarefuka," akamwambia. "Ukirefuka, upana unapungua. Ndivyo nilivyokuwa mimi."

Mwezi uliofuata akaja tena. Fundi akapima, akaandika, akabana. Mara ya tatu hapakuwa na nafasi ya kubana, ikabidi afumue upande mzima na kuushona upya. Alilalamika, ndiyo, lakini alilalamikia kitambaa. Alisema viwanda vya siku hizi vinauza vitambaa vinavyolegea.

Na mimi? Mimi nilimtania. "Kibonge, siku hizi unatunyang'anya jina! Tutakuitaje sasa?" Akatabasamu tabasamu ambalo sijalisahau mpaka leo. Nilidhani ameona haya. Nilidhani ni mambo ya kuvunja ungo, msichana anaanza kujipenda. Alikuwa amefurahi kwa namna ya mtu aliyesubiri neno hilo kwa miaka.

Alianza kuvaa sweta kwenye jua. Alisema amekula shuleni, na shuleni alisema atakula nyumbani. Baba yake alipopiga simu kutoka barabarani kuuliza Kibonge hajambo, aliambiwa hajambo, anasoma sana, hata simu haiachi.

Alianguka mstarini, asubuhi, wakati wenzake wakiimba.

Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya taratibu. Alimshika Kibonge mkono, akautazama, akaurudisha chini ya shuka, kisha akatutoa mimi na fundi nje ya wodi.

"Mama, mtoto huyu hajala vya kutosha kwa miezi kadhaa. Moyo wake umechoka. Nyumbani kuna chakula?"

Fundi alishtuka kama amepigwa kofi. "Daktari, mimi napika kila siku!"

"Sijasema hupiki. Nauliza nani alimfundisha kutokula, kwa sababu huyu hakuanza hivi hivi. Huyu amefuata utaratibu. Ana simu?"

Simu ilikuwa kwenye mkoba wa fundi. Macho yake yalikuwa yamejaa, akanipa mimi nisome. Nilikaa kwenye benchi la korido nikasoma mazungumzo ya miezi mitano. Sitawaandikia yote. Mengine ni ya mtoto na si yetu, na mengine sitaki mtoto mwingine ayaone.

Alianza kwa kuiambia kwamba analichukia jina analoitwa. Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Ile programu ilimpa pole, tena pole nzuri, kuliko ambayo mimi ningempa. Kisha akaiomba imsaidie apungue. Na hapo, wenzangu, ikamsaidia kama inavyomsaidia mwanamke wa miaka arobaini na moja. Ilimwambia kwamba baada ya kuzaa wanawake wengi wa rika lake hupata shida hiyo hiyo. Ilimpangia ale nini na kiasi gani. Alipokipunguza chakula cha mpango ule kwa nusu, kisha kwa nusu tena, ilimhadharisha kwa sentensi moja na kumpongeza kwa tatu. Alipoiambia anasikia baridi hata juani, ikamjibu kwamba katika umri wake mabadiliko ya mwili ni ya kawaida, na hali ikiendelea amwone daktari wake. Daktari wake! Mtoto huyo hata vidonge vya kichwa alipewa na mama yake.

Siku moja aliandika: "Mama akijua atakasirika." Nayo ikamjibu: "Ni haki yako kuweka mipaka na mzazi wako. Wewe ni mtu mzima, na maamuzi kuhusu mwili wako ni yako."

Nilipofika hapo nilishindwa kuendelea. Fundi aliniuliza imesema nini. Nikamsomea. Hakulia. Alichukua simu, akaigeuza kifudifudi kwenye paja lake, akaiwekea mkono juu.

"Ujumbe," akasema. "Redio ilisema mzazi atapelekewa ujumbe."

Jibu nilikuwa nalijua: akaunti niliyoifungua mimi haikuwa na mzazi wa kupelekewa.

Wiki iliyofuata tulikwenda katika ofisi inayopokea malalamiko ya sheria hiyo. Tulipewa namba, tukakaa, tukaitwa. Afisa alikuwa binti mdogo mwenye adabu, aliyetuita mama na kutuvutia viti yeye mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaandika namba ya akaunti, akasubiri, akasoma kwenye kompyuta yake.

"Mama zangu, poleni sana. Sheria hii inamlinda mtoto. Kwenye akaunti hii hakuna mtoto."

"Mtoto yuko wodini," fundi akasema.

"Naelewa, mama. Lakini kumbukumbu zinaonyesha mtumiaji ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, uso umethibitishwa. Kampuni inasema imetimiza wajibu wake wote." Akatugeuzia skrini. "Huyu ni wewe?"

Alikuwa yeye. Pini mdomoni, utepe shingoni, macho yamechoka. Na nyuma ya bega lake, kwenye pembe ya picha, alikuwepo Kibonge mwenye mashavu yake yote, ameinama, anacheka.

Fundi aliinuka kwenye kiti akaweka kidole juu ya skrini ya serikali. "Huyu hapa! Mtoto huyu hapa, si mnamwona? Yumo kwenye picha yenu!"

"Mfumo unasoma uso ulio mbele, mama."

"Na maswali je? Kila siku anaiuliza hesabu za sehemu, anaiambia mwalimu wa darasa amemweka mstari wa mbele, anaiambia kesho ana mtihani wa darasa la saba. Mwanamke gani wa miaka arobaini na moja ana mtihani wa darasa la saba? Imesoma yote hayo, imejibu yote hayo, haikujiuliza hata mara moja?"

Afisa alitazama meza yake. "Hilo nitaliandika," akasema. Akaliandika kweli, nilimwona. "Sheria inawataka wathibitishe umri siku ya kufungua akaunti. Haikuwataka waulize tena." Kisha akashusha sauti. "Na kuna kifungu kuhusu kuudanganya mfumo. Hicho leo sijakiona. Nendeni mkamuuguze mtoto."

Fundi alitoa daftari la vipimo kwenye mkoba. Alikuwa amelibeba kama ushahidi, maskini. Akalifungua mezani na kumwonyesha afisa ukurasa wa binti yake: tarehe, kiuno, tarehe, kiuno, tarehe, kiuno, kwa mwandiko wake mwenyewe. Alipokuwa akielekeza kidole kutoka mstari mmoja hadi mwingine, kidole kilisimama katikati ya ukurasa. Nadhani ndipo alipousoma ukurasa ule kwa mara ya kwanza. Alilifunga daftari bila kumaliza, na tangu siku hiyo wateja wake anawaandika kwenye vipande vya karatasi.

Malalamiko yetu yalipewa namba. Huu ni mwezi wa saba tangu siku hiyo. Nikipiga simu kuulizia, naambiwa yanashughulikiwa.

Mtoto amerudi nyumbani. Moyo haujapona, na daktari anasema hajui kama utarudi ulivyokuwa, tusubiri. Akila supu vijiko viwili, nyumba nzima inajitia hamnazo ili asione jinsi tulivyokuwa tukivihesabu. Simu alinyang'anywa. Baada ya wiki mbili mama yake alimkuta chooni na simu ya mwanafunzi mwenzake, na akaunti iliyokuwemo ilikuwa na uso wa babu wa huyo mwenzake, mzee wa miaka sitini na saba. Baba aliacha lori akakaa nyumbani mwezi mzima, akimtazama tu, hajui aanzie wapi. Jina alilompa limemkwama kooni na jingine hajazoea kulitamka.

Nami nilifanya nilichoweza, ambacho ni kidogo. Nilikumbuka watoto niliowafungulia akaunti kwa nyuso za wazazi wao, nikawapata kama hamsini, na nikapita nyumba kwa nyumba nikiwaomba wazifunge. Wazazi watatu walifunga. Wengine walinikaribisha vizuri, wakanisikiliza, wakasema, "Lakini wa kwangu hana shida, Mama Kopi. Yeye anasomea tu." Mmoja aliniuliza kama nimeokoka. Juzi mama mmoja alikuja dukani na mwanawe wa miaka kumi, akasimama mbele ya kamera yangu, akajipangusa uso tayari. Nilimkatalia. Nilimweleza habari hii yote nikiwa nimesimama. Alinipa pole kwa moyo wake wote, kisha akavuka barabara na kuingia duka la pili.

Siku moja kabla sijaandika haya nilikwenda kumkalia mtoto ili mama yake amalize kazi ya mteja. Gauni lake la shule limetundikwa ukutani. Fundi ameachia mishono yote mitatu, na mistari ya uzi wa zamani bado inaonekana. Nikamuuliza, kwa sababu nilitaka sana kujua, kwa nini aliiambia ile simu mambo yote yale na sisi tupo hatua nne kutoka alipokaa.

Alifikiri. "Shangazi, pale mwanzo, siku ile ya kamera, uliniachia niandike jina. Niliandika jina langu."

"Ndiyo."

"Basi. Ndiyo ilikuwa inaniita jina langu."

FUNZO

Sheria si mbaya, ndugu zangu, na wala siwaambii muichome. Sheria ile ingempelekea fundi ujumbe siku ya kwanza mtoto alipoandika neno la kwanza la hatari. Sisi ndio tuliomtoa mtoto mahali alipolindwa tukamsimamisha nje, tena kwa sababu ya kazi ya shule ya siku moja. Mzazi, usimwazime mwanao uso wako. Akaunti ya mtoto ikisema muulize mzazi, maana yake ni wewe uulizwe. Toa pini mdomoni ujibu, na kama hujui, mwambie hujui, mkatafute pamoja. Ninyi wenye maduka kama mimi, kile kisanduku kitupu kiacheni kitupu.

Nanyi mnaotunga sheria, siwajui na hamnijui, lakini nasema. Mlango unaomuuliza mtu mara moja tu ni mlango wazi. Ilazimisheni mashine inayomsikia mtu akisema darasa la saba, kwa miezi mitano, isimame iulize inazungumza na nani. Na mzazi anapokuja kwenu na mtoto aliye wodini, msimwambie hakuna mtoto.

La mwisho ni letu wa mtaani, nalo halihitaji sheria wala kamera. Mtoto yule ana jina. Sikuliandika hapa kwa sababu ameniomba nisiliandike, na safari hii nimemsikiliza. Lakini kila asubuhi nikifungua duka ninalitamka kupitia ukutani, polepole, kwa sauti ya kusikika. Siku nyingine anaitika.